Chupa sita za boksi moja: tatu tamu, ya nne inanuka gazeti lililolowa. Nimekosea wapi?

#1 Glasi Nusu
Wakuu habari. Mimi ni mgeni kabisa kwenye mvinyo, mnivumilie.

Nilinunua boksi la chupa sita za mvinyo mweupe wa bei ya kawaida, ule wa kunywa siku yoyote bila kusubiri sherehe. Mbili tulizimaliza wiki ile ile. Zilikuwa safi, harufu ya ganda la limau, ukali wa kuchangamsha ulimi. Ya tatu tuliifungua baada ya miezi mitatu, nayo nzuri, ila niliona kama imepoa kidogo. Nikajisemea acha hizi nyingine zikae, si mvinyo ukikaa ndiyo unanoga?

Jana, mwezi wa nane, nimefungua ya nne. Loh! Harufu ya gazeti lililolowa. Ule ulimau haupo, mdomoni ni kama maji yaliyolala kwenye ndoo ya mbao. Zimebaki mbili. Niliuziwa kanyaboya au nimeharibu mwenyewe?

#2 Chupa Tupu
Kosa lako ni kuwa na chupa inayofikisha miezi minane. Kwangu hazifiki Jumapili.

#3 Hamira
Mkuu, hiyo "ukikaa unanoga" ndiyo imekuponza. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu utoke kiwandani. Inayostahimili kukaa ni michache, yenye ukali mwingi, au tanini nyingi (ule ukakasi unaokausha fizi), au sukari nyingi. Mvinyo mweupe mwepesi wa kila siku hauna akiba hiyo. Chukua Beaujolais Nouveau ya Ufaransa: inaachiwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya zabibu kuvunwa, na watu wanainywa hapo hapo. Hakuna anayeiwekea mtoto wake aje ainywe siku ya harusi.

Lebo imeandikwa mwaka gani wa mavuno?

#4 Mzee wa Pipa
Kabla ya mwaka, niambie ulizihifadhi wapi. Na zilikuwa zimesimama au zimelala?

#5 Glasi Nusu
Hamira, mwaka wa lebo ni miaka miwili kabla ya siku niliyonunua. Kumbe ulikuwa umeshazeeka?

Mzee wangu, zilikuwa juu ya friji. Pana kashubaka kazuri, nilizipanga zimesimama, hata wageni walikuwa wanazisifia.

#6 Mzee wa Pipa
Juu ya friji! Mwanangu, hapo ndipo pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, ukiacha juu ya jiko. Friji inapooza ndani kwa kutoa joto nje, na joto hilo linapanda juu. Weka kiganja hapo jioni utalisikia. Mvinyo unataka nyuzi 10 hadi 15, wengi tunalenga 12 au 13, na zaidi ya yote unataka joto lisilopanda na kushuka. Chupa ikipata moto, kimiminika kinatanuka na kusukuma kizibo. Ikipoa kinanywea na kuvuta hewa ndani. Kila siku hivyo, miezi minane. Tena umeisimamisha, kizibo kimekauka. Kesi imekwisha.

#7 Kizibuo
Mzee, heshima yako, ila kesi haijaanza. Joto haliachi harufu ya gazeti lililolowa. Mvinyo uliopigwa na joto unanuka matunda yaliyochemshwa, jamu hivi. Ulioingiwa na hewa unanuka tofaa lililopondeka, mwisho karanga au siki. Gazeti lililolowa, boksi la karatasi lenye unyevu, tambara lililosahaulika kwenye ndoo: hiyo ni TCA, kemikali inayotokana na ukungu na kuingia kwenye mvinyo mara nyingi kupitia kizibo cha gome. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kuua harufu yote ya matunda. Haidhuru mwili, inadhuru furaha.

Na TCA haichagui ulikohifadhi. Chupa moja inakuwa nayo, jirani yake ya boksi lile lile haina. Glasi Nusu, ungeifungua siku ya kwanza ungekutana na gazeti lile lile.

#8 Mwanagenzi
Nimeweka kambi hapa, na mimi ni mgeni. Kizibuo, mimi nilidhani mvinyo ulioharibika kwa kizibo ni ule wenye vipande vya kizibo vinavyoelea. Huwa napeleka malalamiko mezani kabisa!

#9 Kizibuo
Hapana, hivyo vipande ni kizibuo kibovu au mkono mzito. Chuja, kunywa, omba radhi kwa mhudumu.

#10 Bi Zabibu
Nimekuwa mhudumu wa mezani miaka sita, na huyo wa vipande namjua, anakuja kila Ijumaa 😂

Glasi Nusu, mbona hakuna aliyeuliza rangi ya chupa? Kama ni kioo cheupe na pana dirisha karibu, mtuhumiwa wangu ni mwanga. Mwanga wa jua, hata wa baadhi ya taa, unachokoza mvinyo ukatoa harufu za salfa: kabichi iliyochemka, sufu iliyolowa. Kwa chupa nyeupe siku chache tu zinatosha. Ndiyo maana chupa nyingi ni za kijani au kahawia. Mtu asiyezoea, akinusa kabichi anaweza kabisa kusema "gazeti".

Na rangi ya mvinyo wenyewe ikoje? Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe.

#11 Glasi Nusu
Dada Bi Zabibu, umenishika. Chupa ni nyeupe, na dirisha linatazamana na friji, jua la asubuhi linapiga pale saa mbili hadi saa nne.

Rangi nimeitazama juu ya karatasi: njano ya dhahabu, imekolea. Lakini zile za kwanza sikuziangalia, sina cha kulinganisha. Harufu nimenusa tena mara tatu. Sasa hata mimi sijui ni gazeti, kabichi au sufu. Mke wangu anasema ni kabati la bibi yake.

Pia niseme ukweli: zilizokuwa juu ya friji ni ile ya tatu na hii ya nne tu. Mbili zilizobaki hazikuwahi kutoka kwenye boksi, liko chini ya kitanda.

#12 Chupa Tupu
Saa zote hizi unaficha ushahidi chini ya kitanda.

#13 Hamira
Dhahabu iliyokolea ni hewa na umri, nakazia #3. TCA haibadilishi rangi, Kizibuo anajua.

#14 Kizibuo
Ni kweli haibadilishi. Lakini kuna mivinyo myeupe ambayo ni dhahabu tangu kuzaliwa, hasa iliyopitia pipa la mwaloni. Mwenyewe amesema hana cha kulinganisha.

Jaribu hili: mimina glasi moja, kunja karatasi laini ya nailoni ya kufunikia vyakula, itumbukize, koroga dakika kumi. TCA inapenda kung'ang'ania aina hiyo ya plastiki. Gazeti likipungua, mimi ndiye mshindi.

#15 Bi Zabibu
Mzee wa Pipa, nirudi kwenye hilo la kizibo kukauka. Na mimi nilifundishwa hivyo, lakini hewa iliyo ndani ya chupa iliyofungwa tayari imejaa unyevu karibu wote inaoweza kubeba. Uso wa ndani wa kizibo haukauki kirahisi kama tunavyoimba, na wapo wataalamu walioweka chupa zimesimama na nyingine zimelala wakakuta tofauti ndogo. Kwa mvinyo wa kunywa ndani ya mwaka, simamisha ukitaka. Na zenye kifuniko cha kuzungusha hazina habari kabisa na kulala.

#16 Mzee wa Pipa
Mwanangu Zabibu, mimi nimelaza chupa tangu hujajua kushika glasi, na sijawahi kujuta. Kulaza kunanipunguzia nini?

#17 Bi Zabibu
Hakukupunguzii kitu Mzee, laza tu. Ninachosema ni kwamba mgeni asinunue shubaka la mbao la chupa arobaini kabla hajanunua chupa ya pili.

#18 Mwanagenzi
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nikisimama mbele ya rafu nachagua kwa picha ya lebo. Nikiona farasi nachukua. Mgeni anaanzia wapi?

#19 Ndugu Lebo
Kaka Mwanagenzi, farasi si kigezo kibaya kuliko vingi ninavyovisikia 😄

Geuza chupa. Kwanza tafuta mwaka: kwa mweupe na wa waridi wa bei nafuu, chukua mavuno ya karibuni zaidi. Pili kiwango cha kileo: asilimia 11 au 12 mara nyingi ni mwepesi, 14 na kuendelea ni mzito na unapasha koo. Tatu tazama ni nani aliyeutengeneza na wapi. Lebo inayotaja eneo dogo kwa kawaida imejifunga kwa sheria nyingi kuliko inayotaja nchi nzima. Usiogope maeneo yasiyo na jina kubwa. Jina kubwa unalilipia. Languedoc ya Ufaransa, Chenin Blanc (mvinyo mweupe) ya Afrika Kusini, mivinyo myekundu ya Ureno na Chile, hapo mgeni anapata kitu cha maana bila kutoboa mfuko. Ukitaka ya mapovu, siyo lazima Champagne. Crémant ya Ufaransa na Cava ya Hispania povu lake linatengenezwa ndani ya chupa kwa njia ile ile.

Na majina yasikutishe. Mwaka 1978 jijini Paris waamuzi wa Kifaransa walionja bila kuona lebo, na mivinyo ya California ikaibwaga ya Bordeaux na Burgundy nyumbani kwao.

#20 Kizibuo
1976, Ndugu Lebo. Tarehe 24 Mei 1976, mwandalizi akiwa Mwingereza Steven Spurrier. Upande wa myekundu ilishinda Stag's Leap, upande wa myeupe Chateau Montelena, zote za California, mavuno ya 1973.

#21 Ndugu Lebo
Nimechapia, asante mkuu.

#22 Chupa Tupu
Mimi naingiza kidole gumba kwenye kile kishimo cha chini ya chupa. Kishimo kirefu, mvinyo mzuri. Hainiangushi.

#23 Bi Zabibu
Inakuangusha ila hujijui. Kishimo na uzito wa chupa ni pesa ya kioo. Na neno "Reserve" nalo, nchi nyingi yeyote anaweza kulibandika. Hispania ndiko lina meno: Reserva nyekundu lazima iwe imekaa miaka isiyopungua 3, angalau 1 kati ya hiyo kwenye pipa.

Mtego mwingine wa wageni: kwenye mivinyo ya mapovu, "Extra Dry" (neno kwa neno "kavu sana", yaani ungedhani haina sukari) ina sukari zaidi ya "Brut". Brut inaishia chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry inakwenda 12 hadi 17. Nimeona wateja wamegombana na lebo kwa sababu ya hili.

#24 Mwanagenzi
Sasa mbona nyekundu inanipa maumivu ya kichwa hata glasi moja na nusu? Wanasema ni salfaiti, kemikali ya kuhifadhia mvinyo, ile "ina salfaiti" nyuma ya chupa.

#25 Kizibuo
Ulaya maneno hayo yanalazimika kuandikwa zikizidi miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo karibu kila chupa inayo. Ila mweupe kwa kawaida unaruhusiwa salfaiti nyingi kuliko mwekundu. Ingekuwa ni hizo, mweupe ungekuumiza zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa California walipendekeza mtuhumiwa mwingine, kwasetini: iko kwenye ganda la zabibu, hasa zilizopigwa sana na jua, na inaweza kuchelewesha mwili kusafisha mabaki ya kileo.

#26 Hamira
Wengine wanasema histamini, kemikali nyingine iliyomo kwenye mvinyo. Mimi nasema glasi moja na nusu ya Mwanagenzi ipimwe upya. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za 150. Je, yako inatoa tano?

#27 Mwanagenzi
Inatoa mbili na kidogo.

#28 Chupa Tupu
Mtafiti wa California apewe taarifa.

#29 Mpita Njia
Mnazunguka. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mnajua hilo?

#30 Bi Zabibu
Tunajua ndugu, na ni vizuri umelisema. Ndiyo sababu nyingine ya kutomaliza chupa kwa vile tu imefunguliwa. Ikibaki nusu, ihamishie kwenye chupa ndogo ya mililita 375, ijaze hadi shingoni, funga, weka friji. NDANI ya friji, Glasi Nusu, siyo juu. Hewa ndiyo adui, na chupa iliyojaa haina nafasi ya hewa. Hata bila chupa ndogo, mweupe au mwekundu kwenye friji unakwenda siku tatu hadi tano. Mwekundu utoe nusu saa kabla ya kunywa.

#31 Mzee wa Pipa
Kijiko cha fedha shingoni kwa ile ya mapovu je?

#32 Bi Zabibu
Mzee wangu, hicho kijiko kirudishe mezani. Kinachotunza povu ni ubaridi na kizibo cha kubana.

#33 Hamira
Kwa anayekunywa glasi moja kwa siku, hakuna kinachoshinda mvinyo wa boksi, ule wenye mfuko ndani. Mfuko unasinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, wiki nne hadi sita ukishafunguliwa. Mwaustralia Thomas Angove aliubuni mwaka 1965 na bado watu wanauonea aibu. Ila usiuweke akiba kabla ya kufungua: plastiki inapitisha hewa kidogo kidogo, na boksi huwa na tarehe ya mwisho. Isome.

#34 Glasi Nusu
Wakuu nimerudi na majibu.

Jaribio la nailoni: nimekoroga dakika kumi. Harufu imepungua, naapa. Lakini nikarudia kunusa glasi ambayo haikuwekwa nailoni, nayo imepungua. Sijui ni mvinyo au pua yangu imechoka.

La pili: nimefungua ya tano, ile ya chini ya kitanda. Nzuri! Ulimau upo. Siyo kama siku ya kwanza, umefifia kidogo, lakini ni mvinyo. Rangi ni nyepesi kuliko ya nne, nimeziweka sambamba juu ya karatasi.

Kitu kimoja kimenitisha: chini ya kizibo kulikuwa na punje zinazong'aa kama vioo, na nyingine zimetuama kwenye glasi. Nimemwaga glasi hiyo.

#35 Ndugu Lebo
Umemwaga bure! Ni chumvi ya asidi ya zabibu, inaganda ukipoza mvinyo. Haina madhara. Wenye viwanda vikubwa wanaipooza na kuiondoa mapema kwa sababu ya watu kama wewe.

#36 Mzee wa Pipa
Ya chini ya kitanda nzima, ya juu ya friji imekufa. Mna la kuongeza?

#37 Bi Zabibu
Ninalo. Ya chini ya kitanda ilikuwa gizani, ndani ya boksi. Ya juu ya friji ilikuwa juani. Mwanga, Mzee.

#38 Kizibuo
Na ya tatu nayo ilikaa miezi mitatu juu ya friji hiyo hiyo, mbele ya dirisha hilo hilo, ikanyweka vizuri. Kama mwanga unaua kwa siku chache, ile ilipona vipi? Vizibo viwili tofauti, hatima mbili tofauti.

#39 Hamira
"Ilipoa kidogo", alisema kwenye #1. Na ya tano "imefifia". Zote zinazeeka, nyingine zinakimbizwa. Na rangi ya nne imekolea kuliko ya tano, hilo kizibo chako hakilielezi, Kizibuo.

#40 Kizibuo
Kizibo kinaweza kuwa na kosa lake la pili, kupitisha hewa. Gome ni kitu cha asili, mwaloni wake unachunwa kila baada ya miaka 9, hakuna viwili vinavyofanana. Ndiyo maana mwaka 2000 watengenezaji wa Riesling (mvinyo mweupe) wa Clare Valley kule Australia walihamia pamoja kwenye kifuniko cha kuzungusha.

#41 Mzee wa Pipa
Kwa hiyo kizibo kina TCA na pia kinapitisha hewa. Maskini kizibo, kimebebeshwa kila kitu ili friji iachiwe huru.

#42 Mwanagenzi
Bado ya sita! Iweke juu ya friji wiki mbili lakini uizungushie gazeti. Ikiharibika ni joto, ikipona ni mwanga.

#43 Chupa Tupu
Gazeti likilowa je?

#44 Kizibuo
Wazo la Mwanagenzi si baya, ila usifungue peke yako. Mtu wa pili anuse bila kujua ilikokaa. Kuna jaribio lililochapishwa 2001 huko Bordeaux: wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yanaongoza pua. Wewe ulishasoma kurasa nzima za mashtaka, pua yako si shahidi tena.

#45 Glasi Nusu
Nimekubali. Naitoa ya sita leo jioni, naizungushia gazeti kavu, naipandisha.

#46 Glasi Nusu
Wakuu. Boksi liko tupu. Shemeji yenu aliifungua juzi na wageni wake mimi nikiwa kazini. Nimemuuliza ilikuwaje, anasema ilikuwa baridi na tamu, wakamaliza.

#47 Bi Zabibu
Alinusa chochote?

#48 Glasi Nusu
Anasema kwa nini anuse.

#49 Kizibuo
Kizibo chake je? Mwambie asikitupe.

#50 Glasi Nusu
Mtoto anakichezea bafuni. Kinaelea vizuri.